Tarehe ya kupakia si tarehe ya kufika

SWALI: Shikamoo mzee. Nina duka la vyombo karibu na Marikiti. Niliagiza sufuria India kwa mkataba wa CIF Mombasa, "zipakiwe haraka iwezekanavyo". Nilizitaka kabla ya Ramadhani, zikafika Idi imeshapita. Naweza kumdai muuzaji?
Mama Duka, Mombasa

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana. Neno "Mombasa" limekupoteza, kama lilivyowapoteza wengi niliowahudumia nikiwa wakala wa forodha Kilindini. Kwa CIF, muuzaji hulipa nauli na bima hadi hapa, lakini wajibu wake wa kukabidhi mzigo hutimia unapopakiwa melini kule kwao. Tarehe inayohesabiwa ni ya upakiaji, iliyo kwenye hati ya shehena.

Na hilo "haraka iwezekanavyo" usiliandike tena! Ukilipa kwa barua ya mkopo, yaani ahadi ya benki kumlipa muuzaji akileta hati zinazotakiwa, kanuni za kimataifa za barua hizo, UCP 600, zinazotumika tangu 2007, huzitaka benki zilipuuze. Ukiandika "mnamo au karibu na 10 Machi", zenyewe husoma 5 hadi 15 Machi, siku hizo mbili zikiwemo.

Kudai kutakuwa kugumu. Bila tarehe, mtabishana tu kama alipakia ndani ya muda unaofaa, basi linganisha hati ya shehena na siku ya oda. Safari ijayo taja siku ya mwisho ya kupakia. Ikiwa kufika ndiko roho ya biashara yako, dai DAP Mombasa, mkataba ambao muuzaji hukabidhi mzigo ukifika huku, yenye tarehe ya kufikisha. Atapandisha bei, lakini meli ikichelewa njiani ni juu yake.