Kunoa patasi kwa jiwe la maji: kwa fundi anayeanza

Wadogo zangu mnaoingia kwenye useremala hapa Arusha, wengi wenu mtapewa patasi siku ya kwanza na kuambiwa mkanoe. Kazi hiyo inaishia wapi, mara nyingi hamtaambiwa. Mtu anasugua mpaka achoke, au mpaka patasi ing'ae, kisha anairudisha butu vilevile. Shikeni hili kuliko mengine yote: kusaga kunaisha pale chuma kinapojikunja kwenda upande wa pili wa makali, tena kwa upana wote wa patasi. Kabla ya hapo hujamaliza, hata kama inang'aa kama kioo.

Kwanza maji. Wengi wanadhani maji ndiyo yanayonoa, kumbe kazi yake ni kulinda ugumu wa chuma na kuosha unga usilizibe jiwe. Grainda ya mezani ya jiwe kavu inazunguka karibu mara 2,850 kwa dakika. Jiwe lake likiwa la milimita 150, linaipita patasi kwa mwendo wa mita zaidi ya 1,300 kila dakika. Mashine za maji, kama zile ambazo Tormek ya Uswidi ilianza kuzitengeneza mwaka 1973, zina jiwe la milimita 250 linalozunguka mara 90 hivi tu. Hiyo ni kama mita 70 kwa dakika. Ni mwendo wa pole, na msiuonee haraka.

Patasi nyingi tunazotumia ni za chuma cha kaboni. Chuma hiki kikivuka nyuzi joto 200 na kidogo, kinaanza kulainika. Ukiona kimegeuka bluu, ujue kimefika karibu 300. Ncha ya makali ni nyembamba mno, kwa hiyo kwenye jiwe kavu inaungua kufumba na kufumbua, kabla vidole ulivyoshikia havijahisi joto. Ukiichovya kwenye kopo la maji baada ya hapo, umechelewa. Ukiifuta ile bluu kwa msasa, umeondoa rangi tu na ulaini umebaki palepale. Inabidi usage mpaka sehemu yote iliyoungua iishe. Patasi ya namna hiyo utaijua kwenye mbao ngumu kama mkongo: inakata vizuri mara mbili tatu, halafu makali yanalala.

Kabla hujawasha mashine, geuza patasi uangalie mgongo, yaani ule upande bapa. Makali ni pale nyuso mbili zinapokutana. Ukinoa mmoja na huku wa pili una kutu na mabonde, unajichosha bure. Bandika msasa wa maji juu ya kioo kinene, laza mgongo wote, sugua sentimita mbili tatu za mwisho mpaka zisawazike. Usinyanyue mkono hata kidogo. Kazi hii inachosha kweli, lakini ukishaifanya vizuri hutairudia kwa patasi hiyo.

Kuhusu pembe sina mengi. Nyuzi 25 zinafaa kwa patasi ya kusukuma kwa mkono. Ile ya kugonga kwa nyundo ya mbao kwenye mninga au mkongo, iwekee 30. Ili kujua kama umeipata, paka wino wa markapeni kwenye mteremko wa makali, kisha zungusha jiwe kwa mkono kidogo. Wino ukitoka karibu na ncha tu, pembe yako ni kubwa mno. Ukitoka kule nyuma tu, ni ndogo. Rekebisha mpaka utoke sawasawa, ndipo uwashe.

Jiwe lililokuwa kavu hunywa maji mengi mwanzoni, kwa hiyo ongeza huku likizunguka mpaka uone maji yanatiririka juu ya patasi. Tembeza patasi kushoto na kulia kwenye upana wote wa jiwe, hasa ikiwa ni nyembamba, la sivyo utachimba mfereji. Kila baada ya muda isimamishe, uifute, kisha pitisha kidole gumba mgongoni kuelekea nje ya makali. Usikipitishe kamwe kwa kufuata urefu wa makali, utajikata. Utahisi kitu kinakwaruza: ni kijiukingo chembamba cha chuma kilichojikunja. Kikikwaruza kushoto huku kulia bado ni laini, endelea kusaga upande wa kulia.

Hicho kijiukingo hakiachwi. Baada ya kulainisha uso wa jiwe na kupitisha patasi tena, malizia kwenye gurudumu la ngozi lenye dawa ya kung'arishia chuma, upande wa mteremko kisha mgongo, kwa zamu. Ngozi izunguke ikitoka kwenye makali. Ukiielekeza kinyume, patasi itazama ndani na kuikata. Kama mashine yako haina gurudumu hilo, omba kipande cha ngozi kwa fundi viatu, kigundishe kwenye ubao ulionyooka, vuta patasi kurudi nyuma.

Kujaribu, sipendi mambo ya kunyoa nywele za mkono. Chukua kipande cha paini, kata pale kwenye kichwa cha ubao ambapo nyuzi zimekatwa. Mbao laini haimstahi fundi: patasi butu inaziponda nyuzi na kuacha vishimo, patasi kali inaacha uso uliofunga na kung'aa kidogo.

Ukimaliza, toa beseni la maji lililo chini ya jiwe, mwaga tope lake nje, si kwenye sinki, maana likituama linaganda na kuziba bomba. Hata umeme ukikatika katikati ya kazi, teremsha beseni. Jiwe lililosimama nusu ndani ya maji linakuwa zito upande mmoja. Na siku utakayoona patasi inadundadunda juu ya jiwe, usikandamize. Jiwe limepoteza mviringo. Lisawazishe kwa kifaa chenye ncha ya almasi, ukiondoa kidogokidogo, mpaka lizunguke kimya.