Ndege wapitao uani mwezi wa tisa na wa kumi: weka reki chini kwanza

Mkuu, umeuliza ununue mbegu gani ili ndege wanaohamia kusini wasimame uani kwako huko Ohio, Marekani. Mimi naishi jimbo hilohilo, na kwangu mbegu ni jambo la mwisho. Acha kwanza kuzoa majani.

Najua inakera. Sisi tumelelewa kwenye nyua zinazofagiliwa alfajiri mpaka alama za chelewa zinabaki mchangani. Lakini chini ya majani makavu ndiko waliko buibui, wadudu na viwavi. Kuna kadege kanafanana na shomoro, koo jeupe, kanashuka kutoka Kanada kwenye mwezi wa kumi. Kaangalie kakila: kanaruka mbele kidogo, kisha kanakwangua kurudi nyuma kwa miguu yote miwili kwa mpigo, majani yanaruka, kanadonoa kilichofichuka. Kuku huchakura mguu mmoja mmoja, haka hakana subira hiyo.

Jirani alinung'unika, basi mbele ya nyumba nazoa na kuyasukumia yote nyuma, chini ya vichaka. Kama mtaa wenu una chama cha wenye nyumba, soma mapema masharti yao kuhusu majani. Alizeti na maua yaliyokauka usiyakate, mbegu zake zinaliwa. Ukitaka kupanda, tafuta spicebush, kichaka cha asili cha huko. Matunda yake mekundu yana mafuta mengi, na mafuta ndiyo wanayoyachoma wakiruka usiku kucha.

Maji: beseni la kina cha sentimita 3 hadi 5, jiwe katikati, ubadilishe kila siku mbili.

Wale wadogo wanaoelea hewani wakinyonya maua (hummingbird), wana uzito wa gramu 3 hivi, wachanganyie sukari nyeupe kipimo 1 kwa maji 4 kwenye chupa ya kunyweshea ndege. Usitie asali wala rangi. Wanaokwambia ukiacha chupa nje watagoma kuondoka wanakutisha bure. Kinachowaondoa ni siku kuwa fupi, si njaa. Acha chupa ining'inie wiki mbili hivi baada ya kumwona wa mwisho.

Sasa vioo, na hapa sibembelezi. Ndege wengi wadogo husafiri usiku na taa huwavuta, asubuhi wanaona miti ndani ya kioo na kujibamiza. Zima taa za nje. Bandika vidoti upande wa nje wa kioo, sentimita 5 kati ya kimoja na kingine, kioo kizima. Ile picha moja ya mwewe ya kuwatisha ndege unayoiona madirishani haisaidii kitu.

Mbegu? Alizeti nyeusi inatosha. Mifuko ya bei rahisi imejaa mtama mwekundu, ndege wanautupa chini na panya wanakushukuru.

Na kama una paka, abaki ndani mpaka msimu uishe. La sivyo hilo beseni la maji utakuwa umemtegea yeye.