Fungu la masika, fungu la raha: maswali yenu ya pesa

Nafanya kazi hotelini Paje. Msimu nachuma vizuri na bakhshishi juu, lakini masika hoteli inafungwa nami naanza kukopa dukani. Niweke kiasi gani?

Anza na masika yenyewe. Andika matumizi ya mwezi yasiyokwepeka: mchele, unga, kitoweo, kodi, umeme, skuli. Tuseme ni 250,000. Aprili, Mei na nusu ya Juni zinataka 625,000. Miezi ya wageni ni kama minane, Julai hadi Oktoba na Disemba hadi Machi, kwa hiyo 80,000 kwa mwezi inatosha. Wengi huteleza kwenye bakhshishi: huiona pesa ya bure, ikaishia njiani. Mshahara uendeshe nyumba. Nusu ya bakhshishi itie kwenye akiba ya simu siku hiyo hiyo, kabla hujavua sare, mpaka zitimie 80,000. Nusu nyengine ni yako, itumie bila kujilaumu.

Mume wangu anasema nguo za Idi ni israfu. Watoto wanazisubiri mwaka mzima. Nani yuko sawa?

Furaha ya watoto si israfu, dada yetu. Pesa hupotea kwa kununua kumi la mwisho la Ramadhani, soko la Darajani halipitiki, bei zimepanda na fundi hapokei tena kazi. Nunua kitambaa Rajabu, kipeleke kwa fundi mwanzoni mwa Shaabani, na mwambie aache upindo wa vidole vinne, kanzu na gauni zipate kushushwa mwakani.

Halafu kuna hesabu inayowaponyoka wengi. Mwaka wa mwezi mwandamo ni mfupi kwa siku 10 au 11, kwa hiyo anayegawa akiba ya Idi kwa mishahara 12 hukutwa na sikukuu kabla ule wa mwisho haujaingia. Gawa kwa 11: kama lengo ni 220,000, weka 20,000 kila mwezi. Humo humo tenga pesa za watoto za kwendea kiwanjani Mnazi Mmoja, katika bahasha nne, moja kwa kila siku ya sikukuu. Mtoto akipewa zote Idi mosi, Idi pili atakuja kulia mlangoni.

Najenga Chake Chake kidogo kidogo. Nikipata pesa nanunua saruji naiweka ndani. Miaka sita sijatoka na mke wangu hata siku moja.

Saruji haifai kuwa akiba. Hunyonya unyevu, na ikipita miezi mitatu hivi nguvu zake hupungua. Mifuko iliyolazwa sakafuni ikiegemea ukuta huganda madonge kabla ya hapo. Nunua matofali na kokoto kwanza, saruji iingie wiki ya kazi. Ikibidi ikae, ipandishe juu ya mbao, mbali na ukuta, uifunike nailoni. Na kila ukinunua mifuko kumi, thamani ya mmoja iwe ya kutoka na mkeo. Ukuta utachelewa kidogo tu, na yeye amesubiri miaka sita.

Upatu wetu una watu kumi, 20,000 kila wiki. Ni akiba nzuri?

Nzuri kwa kitu kinachojulikana, kama friji au kitanda. Kwa dharura haifai, kwani zamu haifuati maradhi. Anayepokea wiki ya kwanza amekopeshwa na wenzake tisa, na hatari ni achukue 200,000 kisha aache kutoa. Kijumbe, yule anayekusanya pesa za upatu, awape zamu za mwanzo wale ambao kwao kunajulikana, na mgeni aingie na mdhamini.

Kila jioni nakula urojo na juisi ya miwa, 3,000. Niache?

Usiache. Kwa siku 30 ni 90,000. Ukichagua jioni tatu kwa wiki, kama 13 kwa mwezi, unatumia 39,000 na 51,000 inabaki. Bakisha zile unazokaa na wenzio mkazungumza, ukate zile unazokula peke yako umesimama, ukiwaza kurudi nyumbani.