Quinnipiac kileleni, kombe kwa wengine: maswali yenu kuhusu ECAC

Maswali mengi ya wiki hii yanahusu hoki ya barafu ya vyuo vikuu vya Marekani, na zaidi ECAC, ligi ya timu 12 za kaskazini mashariki: Brown, Clarkson, Colgate, Cornell, Dartmouth, Harvard, Princeton, Quinnipiac, RPI, St. Lawrence, Union na Yale. Nimechagua sita.

Kijana wangu anasoma Clarkson, nami nimeanza kufuatilia msimamo. Mbona kuna mechi ambazo timu zote mbili zinapata pointi? (Mama, Utica, New York)

Shikamoo mama. Ukishinda ndani ya dakika 60 unachukua pointi 3, na aliyefungwa hapati kitu. Mkitoka sare mnaongezewa dakika 5, kila upande ukibaki na wachezaji watatu na kipa. Bao likipatikana hapo, mshindi anapata 2 na aliyefungwa anapata 1. Lisipopatikana zinapigwa penalti, na mgawo ni ule ule. Kila timu hucheza mechi 22 za ligi, yaani kila mpinzani mara mbili, nyumbani na ugenini, kwa hiyo pointi za juu kabisa ni 66.

Mimi naupenda mfumo huu kuliko ule wa zamani wa pointi 2 kwa ushindi na 1 kwa sare, kwa sababu aliyemaliza kazi ndani ya dakika 60 anathaminiwa zaidi ya aliyevuka kwa penalti. Na kwa kuwa kijana yuko Clarkson, utaona jambo jingine. Timu za ECAC husafiri kwa jozi. Anayepanda kaskazini mwa New York hucheza Ijumaa na Clarkson au St. Lawrence, Jumamosi na yule mwingine. Wikiendi moja mbaya kule inakugharimu pointi 6, na msimu mzima una wikiendi chache sana za kuzirudisha.

Timu inayoburuza mkia inashuka daraja? (Msomaji, Mwanza)

Haishuki. Hakuna kupanda wala kushuka. Hata wa mwisho, wa 12, anaingia hatua ya mtoano mwezi Machi.

Kila Novemba naona Harvard na Yale wako chini kabisa, halafu Februari wamepanda. Wanaanza vibaya kila mwaka? (Msomaji, Nairobi)

Hapana ndugu yangu, wana viporo. Vyuo sita vya ligi hii ni vya Ivy League, umoja wa vyuo vikongwe vyenye kanuni zao za michezo: Brown, Cornell, Dartmouth, Harvard, Princeton na Yale. Kanuni zao zinawachelewesha kuanza msimu na kuwapunguzia mechi. Wenzao wanaanza mapema Oktoba na wanaruhusiwa mechi 34, wao ni 29. Kwa hiyo msimamo wa Novemba usiusome kwa jumla ya pointi. Gawanya pointi kwa mechi zilizochezwa, utaiona ligi ilivyo kweli. Nashangaa bado kuna wachambuzi wanaoandika mwezi huo kwamba Harvard imekwisha.

Quinnipiac imeongoza ligi mwaka baada ya mwaka. Huo ushindani mnaousifia uko wapi? (Msomaji, Dar es Salaam)

Hili ndilo swali lenyewe. Ni kweli, Quinnipiac ilimaliza kileleni misimu mitano mfululizo, kuanzia 2021 hadi 2025. Huo wa 2021 uuweke pembeni kidogo, kwani kwa sababu ya korona zilicheza timu nne tu. Minne iliyobaki haina ubishi. Kocha Rand Pecknold yuko pale tangu 1994, na chuo chenyewe kiliingia ECAC 2005 kuchukua nafasi ya Vermont. Wamejenga timu isiyopoteza pointi za kizembe, na ligi ya mechi 22 inawalipa watu wa namna hiyo.

Sasa tazama kombe la mtoano katika miaka hiyo hiyo mitano. 2021 lilichukuliwa na St. Lawrence, 2022 Harvard, 2023 Colgate, 2024 na 2025 Cornell. Quinnipiac, hata mara moja! Kombe hilo wamelitwaa mwaka mmoja tu, 2016.

Mwaka 2023 unanigusa zaidi. Colgate iliwatoa Quinnipiac nusu fainali katika muda wa nyongeza. Wiki chache baadaye, Quinnipiac hao hao wakawa mabingwa wa Marekani nzima: walikuwa nyuma 2-0 dhidi ya Minnesota, wakasawazisha, wakafunga la tatu sekunde 10 baada ya muda wa nyongeza kuanza. Bingwa wa taifa alikuwa ameshindwa kutwaa kombe la ligi yake mwenyewe. Ligi yenye vibonde 11 haiwezi kufanya hivyo.

Na Quinnipiac hawako peke yao. Fainali ya taifa ya 2013 ilikuwa ya ECAC watupu, Yale wakiwafunga Quinnipiac 4-0, ilhali msimu huo Yale walikuwa wamefungwa na Quinnipiac mara tatu kati ya tatu. Mwaka uliofuata Union, chuo cha wanafunzi 2,200 hivi kisichotoa wakati huo ufadhili wa masomo kwa ajili ya michezo, kiliifunga Minnesota 7-4 na kubeba ubingwa. Kwa hiyo jibu langu ni hili: kileleni pana mwenyewe, lakini kuanzia nafasi ya pili kwenda chini, na mtoano wote, hakuna mwenyewe.

Kumaliza wa nne au wa tano kuna tofauti gani, kama wote wanaingia mtoano? (Msomaji, Syracuse)

Ni tofauti kubwa. Wanne wa juu wanapumzika raundi ya kwanza, kisha wanaandaa robo fainali nyumbani kwao, anayetangulia kushinda mechi mbili anapita. Kuanzia wa 5 hadi wa 12 wanacheza mechi moja tu, ukifungwa umekwenda nyumbani. Timu mbili zikilingana pointi, kwanza zinaangaliwa mechi zao wenyewe kwa wenyewe, ndiyo maana mechi ya Januari kati ya wa nne na wa tano naichukulia kama fainali.

Hata hivyo, inawezekana kutoka chini. Cornell ya 2025 ilimaliza ya sita, ikawatoa Quinnipiac nusu fainali pale Lake Placid, ikawafunga Clarkson fainali, na kocha Mike Schafer akastaafu msimu huo huo akiwa na kombe.

Pesa zinazoingia michezo ya vyuo sasa hazitaiua ligi hii? (Msomaji, Minneapolis)

Naogopa. Tangu Agosti 1, 2025 wachezaji wa ligi kuu za vijana za Kanada wanaruhusiwa kucheza vyuoni Marekani, na kipaji kikubwa kuliko vyote, Gavin McKenna, kilikwenda Penn State, chuo cha Big Ten, ligi ya vyuo vikubwa. Vyuo vikubwa sasa vinaweza kuwalipa wachezaji moja kwa moja. Ivy League wamekataa mpango huo, na ufadhili wa masomo wa michezo hawajawahi kuutoa. Mchezaji naye akitaka kuhama, kuhama kumekuwa rahisi mno: Colgate au St. Lawrence wanamlea kijana miaka miwili, wa tatu anavaa jezi ya chuo tajiri.

Ndani ya ECAC sitegemei mmoja awameze wengine, kwa kuwa karibu wote ni wadogo. Hofu yangu ni nafasi za mashindano ya taifa. Timu ni 16, sita kati yake ni mabingwa wa ligi sita, 10 zinachaguliwa kwa hesabu ya matokeo ya msimu mzima. ECAC ikianza kupoteza mechi za Oktoba na Novemba dhidi ya Big Ten, hesabu hiyo itawaadhibu wote 12, na aliyemaliza wa pili kwenye ligi hii atabaki nyumbani Machi.