Wewe unayetaka kutoa gadi, ile kava inayokinga diski, kwenye grainda ya kukatia chuma, soma hapa kwanza

Jana kijana mmoja kaniandikia, "Fundi, nikitoa gadi si naweza kufunga diski ya inchi tisa kwenye grainda ndogo? Nina kazi ya haraka." Nikacheka, halafu nikauangalia mkono wangu wa kushoto, kicheko kikaisha.

Mi nilifanya hivyo hivyo. Diski ndogo zimeisha, bosi anapiga kelele mteja anataka geti lake, nami nikajiona mjanja nikafungua gadi nikapachika ile kubwa. Na nilikuwa fundi kweli, sio wa kubahatisha, ndo kilichoniponza. Grainda ndogo inazunguka kama mara 11,000 kwa dakika, diski ya inchi tisa imeandikwa palepale kwenye lebo yake isizidi 6,600 hivi. Hiyo namba nilikuwa naiona kila siku, kuisoma sijawahi. Nikawasha, haikugusa hata chuma. Mlio kama sahani imepasuka, kipande kimoja kikajichimbia kwenye mlango wa mbao nyuma yangu, kingine kikapita kwenye mgongo wa mkono. Damu sikuiona mwanzo, nilichoona ni vidole viwili naviambia vinyooke vinaning'inia tu. Kano zimekatika.

Bosi alikuja kuniona mara moja, akasema nilijitakia. Sawa, ila aliyetaka kazi iishe siku ileile nani?

Ya hospitali nayaruka. Kidole kimoja mpaka leo hakinyooki vizuri, lakini nakata na kuchomelea kama kawaida, na vijana wote niliowafundisha hakuna aliyeshonwa hata uzi mmoja.

Sasa sikia. Gadi haitolewi. Namba ya mizunguko kwenye diski isiwe chini ya ile ya mashine. Diski ikidondoka tupa, hata kama ufa huuoni. Hendeli ya pembeni ifungwe na ushike kwa mikono miwili, maana diski ikibanwa na chuma mashine inakurukia wewe mwenyewe. Ukibadilisha diski chomoa waya kabisa, kuzima swichi hakutoshi. Diski ya kukatia usisagie kwa ubavu, inapasuka. Na gadi, narudia, haitolewi! Mnakimbilia wapi jamani, vidole vinauzwa dukani?

Kijana kajibu, "Sawa fundi, ila diski ndogo zimeisha." Nimemwambia akae chini mpaka ziletwe. Kasoma, hajajibu.