Barua kwa mwanangu: wale mbuzi wa Bahi

Mwanangu,

Meseji yako ya Jumapili nimeisoma mara tatu, mara ya tatu nikiwa na miwani. Umeuliza jambo moja: wakili wako wa kesi ya talaka anakutoza kila mnapokwenda mahakamani, hata siku kesi inapopigwa kalenda, na yupo mwingine hapo mjini anayetaka nusu ya hiyo. Je, umbadilishe? Halafu chini kabisa, kama mtu anayetema kokwa ya zabibu, ukaongeza: "Ule mkopo wa vikoba sijamwambia, nadhani hauhusiki."

Nitaanza na hilo la mwisho.

Unajua niliachana na baba yenu mwaka uliofuata zile mvua za El Niño. Wewe ulikuwa hujafika miaka 7, ndiyo maana hata ubishi wa nani akulee haukuwa mrefu. Sheria kwa mtoto wa umri huo humwelekea mama. Ubishi ulikuwa shamba. Wakili wangu nilimlipa kwa zabibu za msimu ule, na kreti moja nikampelekea mkononi. Dada mwembamba, mdogo kwangu, viatu vyake vimejaa vumbi la Mpunguzi kama vya sisi wote.

Siku ya kwanza aliniuliza, "Mama, wewe ulichangia nini?" Nikamwambia sina kitu, shamba ni la mume, mimi nilikuwa namwagilia tu. Akacheka! Akachukua kalamu. Ndoo ngapi kwa siku? Kisima kiko umbali gani? Nani aliyekuwa anapogoa? Wapogoaji walikula kwa nani? Tulihesabu mpaka jua likashuka. Ndipo akanisimulia kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, iliyofika Mahakama ya Rufani mwaka 1983, majaji wakasema kazi za mke nyumbani nazo ni mchango katika mali ya ndoa. Nilirudi Mpunguzi siku hiyo natembea kama niliyepewa ng'ombe. Bi Hawa mwenyewe rufaa yake iligonga mwamba, maana majaji waliona fedha alizopewa na mumewe alizitapanya mwenyewe. Mpaka leo sijui nimwonee huruma au nimkasirikie.

Sasa sikia. Ndoo nilizihesabu zote. Mbuzi sikuwataja.

Walikuwa 11, wako Bahi kwa mjomba wako, kama sisi Wagogo tunavyopeana mifugo kutunziana. Nilijiambia ni wangu, nimewanunua kwa pesa ya pombe niliyopika mwenyewe, wakili wanamhusu nini? Bibi yako alikuwa akisema mficha uchi hazai, na mimi nimewaimbia hilo ninyi wote tangu mkiwa wadogo, lakini siku ile nilificha. Baba yako akasimama mbele ya hakimu akawataja mmoja mmoja, mpaka yule beberu mwenye sikio lililokatika. Sijui nani alimpelekea habari. Namshuku mtu, ila alishafariki, tumwache apumzike.

Wakili wangu hakunigombeza. Aligeuka akaninong'oneza, "Wakubwa wangapi?" Akaandika. Nje, chini ya mwarobaini, ndipo akasema: "Mama, ningewataja mimi, wangekuwa mbuzi. Wametajwa na wao, wamekuwa uongo." Kuanzia hapo kila ndoo niliyoitaja hakimu aliiandika polepole. Nilipata mistari 9 ya mizabibu kati ya 20. Labda ningepata hiyo hiyo hata bila mbuzi. Labda. Ni miaka mingi, na bado nikiona beberu mwenye sikio bovu mnadani nageuza uso.

Mficha uchi hazai, mwanangu. Wakili ni kama daktari wa meno, humwonyeshi yale meupe.

Kuhusu bei: mimi si mjuzi wa bei za mjini. Muulize kama ada ni ya kesi nzima au ya kila siku ya mahakama, aandike, na risiti uchukue. Ila huyu wako wa sasa ndiye aliyekukimbiza mahakamani kabla fomu ya usuluhishi ya baraza la kata haijamaliza miezi yake 6, na ndiye aliyesema aweke zuio kwenye ile nyumba ya Nkuhungu ili isiuzwe bila ridhaa yako, ingawa hati ina jina la mumeo peke yake. Huyo wa nusu bei amekuambia nini? Hujaandika. Basi hapo na mimi sisemi umbadilishe wala usimbadilishe. Ningekuwa mimi nisingembadilisha. Lakini sisemi.

Na la kurudiana pia sisemi. Mkwe wangu alinichimbia choo bila kuombwa, siwezi kujifanya sikuona. Na jicho lako la Krismasi nililiona pia, lile ulilosema umejigonga mlangoni. Nilitaka kuandika zaidi hapa, nimefuta.

Turudi kwenye vikoba. Najua kwa nini hukumwambia. Zile milioni 2 hukununulia vitenge. Ulininunulia mimi pampu ya kisima, baada ya mgongo wangu kukataa ndoo, na unaogopa jina la mama yako lisomwe mahakamani. Nimelala na jambo hilo siku mbili. Usiku wa kwanza nilisema asitaje, aibu hiyo siiwezi. Wa pili nikawakumbuka mbuzi.

Mwambie. Mwambie pampu iko Mpunguzi kwa mama yako, inafanya kazi, na risiti ya duka ninayo ndani ya Biblia. Nitamtuma mdogo wako aje nayo na basi la asubuhi.

Mama yako