Kadi niliyoificha kwenye debe la unga

Niliolewa nina miaka 17, kijiji kimoja cha Rungwe, migomba hadi dirishani. Mtoto wa kwanza alikuja kabla mwaka haujaisha. Wa pili sikumtaka haraka, nikaanza kuchoma sindano za uzazi wa mpango kimyakimya. Kadi ya kliniki niliifunga kwenye nailoni nikaizamisha kwenye debe la unga, maana mume wangu hapiki.

Nikamsahau mama mkwe, ambaye unga huuchota hadi chini.

Hakunigombeza. Aliipangusa kwa khanga, akaniuliza, "Mwanangu, hii tarehe si imeshapita?" Ilikuwa imepita wiki tatu, tulikuwa tunavuna viazi. Nikaogopa kusemwa na nesi, nikakaa. Miezi mitano baadaye kichefuchefu kikaanza.

Kinachoniuma ni kwamba sindano ile ya miezi 3 unaweza kuchomwa hata ukichelewa hadi wiki 4. Ningekwenda siku ileile ningewahi.

Wadogo zangu mnaambiwa mzae kwanza, eti dawa zinaharibu kizazi. Si kweli. Kijiti, kile kinachowekwa chini ya ngozi ya mkono kuzuia mimba, kikitolewa, unaweza kushika mimba hata ndani ya mwezi. Sindano ndiyo inayochelewesha, miezi kadhaa, pengine karibu mwaka, kisha uzazi unarudi. Kama unataka mtoto karibuni mwambie nesi, usichome sindano kwa sababu tu shoga yako anachoma.

Baada ya wa pili niliweka kijiti cha miaka 3. Ganzi, dakika chache, bandeji. Siku mbili tatu mkono unalalamika ukibeba ndoo. Matone ya damu yalinisumbua karibu miezi minne. Nesi asingenieleza mapema ningekimbilia kukitoa, na kwa kweli wengi hukitoa hapo. Kukitoa ni haki yako siku yoyote, na kwenye zahanati za serikali huduma hii ni bure.

Ila kijiti hakizuii Ukimwi. Mume akiwa wa malori ya Tunduma, kondomu ina kazi yake palepale.

Kuhusu kuficha, sikulazimishi umwambie mume. Wapo wanaopigwa kwa hilo. Lakini awepo mtu mmoja anayeijua tarehe yako. Wangu ni mama mkwe. Hajui kusoma sana, ila tarakimu anazijua, na mwaka wa kutoa kijiti changu ameuandika kwa mkaa nyuma ya mlango wa jiko.